Maneno korofi ya Kiingereza hayaingii kwa wimbo wala kwa fimbo

Ndugu Mhariri,

Katika safu yako ya barua nimesoma maoni ya mzazi anayelalamika kwamba watoto wa siku hizi wanafika darasa la saba hawawezi kuandika "because" wala "friend". Dawa anayoipendekeza ni kurudisha utaratibu wa zamani: kila asubuhi kabla ya vipindi watoto wasimame mstarini, waimbe maneno ya Kiingereza herufi kwa herufi, na atakayekosea achapwe. Uchungu wake naujua. Mzazi anayejinyima ili mwanawe apate sare na madaftari ana haki ya kuuliza mtoto huyo anajifunza nini. Lakini dawa yenyewe naipinga, tena naipinga kwa nguvu, na naomba nafasi nieleze kwa nini. Nimefundisha Kiingereza katika shule za msingi za mkoa huu wa Tanga mpaka nikastaafu, na hadi leo watoto wa mtaani kwetu Ngamiani huja barazani kwangu jioni na madaftari yao kwapani.

Nianze na huo wimbo. Darasa zima linaimba: es, ei, ai, di, sed! Es, ei, ai, di, sed! Anayepita nje anafurahi, anaona watoto wanasoma. Sasa ingia ndani, mchague mmoja, mwambie aandike. Mtoto huyu darasa la kwanza na la pili amefundishwa kusoma kwa Kiswahili. Mtaala wa mwaka 2015 uliweka nguvu ya madarasa hayo mawili kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na katika Kiswahili jina la irabu na sauti yake ni kitu kilekile: a ni a, e ni e, i ni i. Chini ya mtaala huo, alipofika darasa la tatu aliambiwa a inaitwa "ei", e inaitwa "i", na i inaitwa "ai". Mwalimu akitamka "i", mtoto aandike herufi gani? Nimesahihisha madaftari mengi ambayo "me" imeandikwa "mi" na "he" imeandikwa "hi". Watoto hao waliimba "em, i" kwa sauti safi kabisa, kisha wakaandika walichokiimba. Mwalimu akawaona wazembe.

Na hata mtoto akiushika wimbo barabara, wimbo hauko kwenye kitabu. Kwenye kitabu anakutana na herufi nne zimekaa kimya, s, a, i, d, naye anazisoma kama alivyofundishwa kusoma. Hapa Tanga darasa halikosi mtoto anayeitwa Saidi. Basi utamsikia anasoma kwa kujiamini kabisa, "My mother Saidi", halafu anasimama, anatazama huku na huku, maana sentensi imemgomea. Neno "said" analijua kwa mdomo, na wimbo wake anaujua, ila hakuna aliyemwonyesha kwamba zile herufi nne ndizo hilo neno.

Jioni moja binti wa darasa la nne aliniletea imla aliyopewa sifuri. Alikuwa ameandika hivi: "Mai mada sed shi woz hapi tu si mai frend." Juu yake mistari myekundu, chini yake duara la sifuri. Naomba msomaji aisome tena sentensi hiyo taratibu. Mtoto huyu hakuruka neno hata moja. Kila sauti aliyoisikia ameitafutia herufi, na herufi alizozichagua ndizo ambazo Kiswahili kinatumia kwa sauti hizo. Kama Kiingereza kingeandikwa kwa utaratibu wetu, angepata kumi kwa kumi. "Frend" limepungukiwa herufi moja tu. Sifuri ile ilimwambia kwamba hajui kitu, na alikuwa ameanza kuamini hivyo, maana alinyosha daftari huku amegeuza uso pembeni.

Nilimwambia aokote kokoto tatu. Nikamwuliza, mwanangu, "said" lina sauti ngapi? Akahesabu kwa vidole: s, e, d. Tatu. Akapanga kokoto tatu sakafuni, sauti moja kwa kokoto moja. Kisha kwa chaki tukaandika chini ya kila kokoto herufi zinazobeba sauti hiyo. Chini ya ya kwanza, s. Chini ya ya mwisho, d. Hapo akaona mwenyewe kwamba neno hili halijamsaliti lote: mwanzo uko sawa na mwisho uko sawa. Kilichobaki ni kokoto ya katikati, ambayo sauti yake ni e lakini chini yake zinaandikwa a na i. Hapo ndipo penye ukorofi, na hapo tu. Tukapazungushia duara. Halafu nikamwonyesha kwamba "said" limetoka kwenye "say", kama "paid" lilivyotoka kwenye "pay" na "laid" kwenye "lay". Y imekuwa i, ikaongezwa d. Yote matatu yameandikwa kwa mtindo mmoja; ni matamshi tu ya "said" yaliyokwenda njia yake. Nikafuta sakafu, nikamwambia aandike kwa kumbukumbu. Aliandika. Wiki iliyofuata akaandika tena bila kuulizwa, kwenye ukingo wa daftari, pamoja na "paid".

Hiyo ndiyo hoja yangu yote, Mhariri. Neno korofi halifundishwi kama mchoro wa kukariri mzima mzima, wala kama orodha ya majina ya herufi. Lianze masikioni na mdomoni, lihesabiwe sauti, kila sauti ioneshwe herufi zake, na mtoto aoneshwe ni sehemu gani inayofuata utaratibu na ni sehemu gani ya kukumbukwa. Karibu kila mara sehemu ya kukumbukwa ni ndogo.

Chukua "was", ambalo kila mtoto wetu huliandika "woz". Walimu wengi huliweka kwenye maneno yasiyo na sababu. Lina sababu. Katika Kiingereza, a ikitanguliwa na w mara nyingi hutamkwa karibu na o yetu: want, wash, watch, what, swallow. Na s ya mwisho kutamkwa z ni jambo la kawaida: is, his, has, as. Ukimwekea mtoto maneno hayo ubaoni kwa safu mbili, "was" linaacha kuwa fumbo. Linakuwa neno lililopata wa kutoka safu moja na s kutoka safu nyingine. Nimewahi kuliacha darasa litafute lenyewe jirani za "was" kwenye kitabu cha kiada, na watoto waliorudi na "wasp" na "want" walikuwa wanashindana kunionyesha ukurasa.

Watu hupenda kusema Kiingereza hakina mpangilio. Si kweli, na kumwambia mtoto hivyo ni kumkatisha tamaa bure. Mwaka 1966 Paul Hanna wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, na wenzake walichapisha kazi waliyoifanya kwa kompyuta juu ya maneno zaidi ya 17,000. Waliipa kompyuta kanuni za sauti na herufi tu, waone itaandika mangapi sawasawa. Karibu nusu iliyaandika bila kosa, na zaidi ya theluthi nyingine ilikosea sauti moja tu ndani ya neno. Moja tu! Ndiyo ile kokoto ya katikati. Tatizo ni kwamba ukorofi umejazana kwenye maneno madogo yanayotumika kila dakika: the, was, said, one, two, who, they, are, come, some, people. Maneno makubwa ya sekondari yana nidhamu zaidi. Ukishajua kwamba ph ni f, "photosynthesis" linasomeka. Mtoto akifika kidato cha kwanza, ambako masomo mengi yanageuka Kiingereza, si neno hilo litakalomwangusha. Atakwamishwa na "which" na "their" kwenye swali la mtihani.

Kuna jambo ambalo vitabu vya wenzetu havihitaji kulizungumzia, lakini sisi lazima tulizungumze: masikio. Kiswahili kina irabu tano. Kiingereza kina nyingi zaidi ya hizo, nazo zote zinabanwa kwenye tano zetu. Mwambie mtu wa kwetu atamke "hat", "hut", "heart" na "hurt", mara nyingi utasikia neno moja. Sasa mtoto anayesikia neno moja ataandikaje maneno manne? Kwa hiyo kabla ya kumlaumu kwa tahajia, hakikisha amesikia tofauti, na kwa hilo mwalimu naye lazima awe anaitamka tofauti hiyo. Nasema hili bila kumdharau mwalimu yeyote. Wengi wetu tulifundishwa Kiingereza na watu ambao nao walifundishwa hivyohivyo. Redio na simu sasa zinasaidia: mwalimu anaweza kusikiliza neno jioni, akaingia nalo darasani asubuhi akiwa na uhakika. Na watoto wa Pwani tuna bahati ambayo hatuitumii. Th ya "think" ni ileile ya thamani na thelathini. Th ya "this" ni dh ya dhahabu. Mtoto wa Tanga, Pemba au Lamu hana haja ya kuambiwa aweke ulimi katikati ya meno. Mwambie tu kwamba Waingereza wanaandika th kwa hizo sauti zetu zote mbili, atakuelewa palepale.

Nimegundua pia kwamba watoto huvumilia ukorofi wa neno wakijua umetoka wapi. Sisi tumezoea kuandika kama tunavyosema kwa sababu Kiswahili cha herufi za Kirumi kilisanifiwa majuzi tu. Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ilikaa, ikasimamia tahajia moja iliyojengwa juu ya Kiunguja, na wazee wetu wakasomeshwa hiyo. Kiingereza hakikupata kikao cha namna hiyo. William Caxton alipofungua mtambo wake wa kuchapa vitabu Westminster mwaka 1476, kila mwandishi alikuwa anaandika kwa mazoea ya kwao. Vitabu vikaanza kuwazoesha watu tahajia fulani, na katika karne hizohizo, kuanzia kama mwaka 1400 hadi 1700, matamshi ya irabu ndefu za Kiingereza yakabadilika kabisa. Sauti zikahama, herufi zikabaki zilipoandikwa. K ya "knife" na "knee" zamani ilitamkwa. Gh ya "night", "light" na "daughter" nayo ilitamkwa, na sauti yake ilikuwa karibu na kh yetu ya kheri. Wajerumani mpaka leo wanaitoa kwenye "Nacht", neno lao la usiku. Ninapowaambia watoto wa barazani wasome "night" kama alivyosoma Mwingereza wa zamani, wanalitamka bila shida, nikht, na baada ya hapo sijamwona mtoto akiisahau gh.

Herufi nyingine hazikuwahi kutamkwa kabisa katika Kiingereza. B ya "debt" iliongezwa na wasomi waliotaka neno lionyeshe undugu wake na "debitum" la Kilatini. S ya "island" iliingizwa kwa kudhani neno hilo ni la ukoo wa "isle", kumbe asili yake ni nyingine. L ya "could" ilifuata tu mkumbo wa "would" na "should". Nilipoyasimulia hayo, kijana mmoja wa darasa la sita aliuliza, "Kwa hiyo Mwalimu, walikosea wao?" Nikamjibu, mjukuu wangu, hapo wao ndio waliokosea, ila tutaandika walivyoandika ili wasomaji wote waelewane. Aliiandika "island" tena papo hapo, na s yake akaikoleza.

Kuna pia o ya "come", "some", "love" na "son". Wataalamu wengi wa historia ya lugha hiyo wanaeleza kwamba waandishi wa zamani walioandika kwa mkono waliziandika u, n, m na v kwa vijiti vilivyosimama vikifanana, na vikikaa pamoja msomaji hajui kipi ni kipi. Wakaweka o mahali pa u ili neno lisomeke. Jaribu mwenyewe kuandika u, m na n kwa vijiti vitupu uone. Mtoto akishaviandika hivyo vijiti kwenye daftari, unampa maneno yote hayo kwa siku moja, na yanakaa.

Ndiyo maana nasisitiza kuyafundisha maneno kwa ukoo. "Two" lina w isiyosikika, lakini iweke karibu na "twelve", "twenty", "twice" na "twins", w inasikika kote. "Sign" lina g kimya, "signal" inaitamka. "One" ni gumu kweli, sitamdanganya mtu, kwa kuwa sauti yake ya kwanza haina herufi. Hata hivyo liko wazi ndani ya "only" na "alone", na "once" ni ndugu yake. "Here", "where" na "there" yote yanataja mahali na yote yamebeba "here" ndani yake. "Their" lina "the" mwanzoni kama "they", na yote mawili yanahusu watu.

Lakini tafadhali, walimu wenzangu, msiwape watoto "there" na "their" siku moja. Najua inavutia kuyaweka ubaoni sambamba na kusema, angalieni, msiyachanganye. Ndivyo yanavyochanganywa. Fundisha moja mpaka likolee, lipite wiki kadhaa, ndipo ulete la pili. Vivyo hivyo na "though", "through", "cough", "enough". Kuna walimu hupenda kuyapanga pamoja kuonyesha kwamba Kiingereza ni kichaa. Watu wazima watacheka. Mtoto wa darasa la tano anafunga daftari. "Enough" lipeleke kwa "rough" na "tough", "though" lisubiri muhula mwingine.

Watoto wenyewe wana mbinu moja ambayo wakubwa huidharau. Wanalisoma neno kwa Kiswahili. "Wednesday" wanasema we-dne-sda-yi. "Because" wanasema be-ka-u-se. "People", pe-o-ple. Mwalimu akisikia anakasirika, anadhani mtoto hajui matamshi. Mimi siwakatazi, ila kwa sharti: kwanza mtoto alitamke neno kwa Kiingereza sawasawa, alitumie kwenye sentensi, nijue analijua. Baada ya hapo, anapoliandika, alisome moyoni kwa Kiswahili apendavyo. Hiyo d ya "Wednesday" haitapotea tena. Kiswahili kimempa mtoto uwezo wa kuisikia kila herufi, na ni utajiri ambao mtoto wa London hana.

Huyo mtoto wa London naye hapati mteremko. Utafiti wa Philip Seymour na wenzake, uliochapishwa mwaka 2003, ulilinganisha watoto wa nchi mbalimbali za Ulaya mwishoni mwa mwaka wa kwanza wa shule. Wa Finland na Ugiriki walikuwa karibu wanasoma kila neno la kawaida walilopewa. Wa Scotland, wanaosoma Kiingereza, walipata takriban theluthi moja. Ni kweli wa Scotland walianza shule wakiwa wadogo zaidi, lakini watafiti walionyesha kwamba tahajia yenyewe ni sehemu kubwa ya sababu. Mtaala wa England unayataja maneno haya kwa majina na kuyagawa mwaka hadi mwaka: mtoto wa mwaka wa kwanza anapewa machache kama the, said, was, they, one, once, friend, school. Ikiwa mtoto aliyezaliwa ndani ya lugha anapewa miaka, vipi mtoto wa Ngamiani au Muheza, anayekisikia Kiingereza darasani tu, achapwe kwa kukosa "friend"?

Na kuhusu fimbo, mzazi mwenzangu, kanuni za nchi hii haziruhusu kila mwalimu achape atakavyo. Viboko ni kwa kosa kubwa, vinatolewa na mwalimu mkuu au aliyeidhinishwa naye, na havizidi vinne. Kukosa herufi si kosa kubwa. Niliwahi kukaa shule moja, siitaji, ambako imla ilikuwa siku ya Ijumaa na kila neno lililokosewa lilikuwa na kiboko chake. Ijumaa mahudhurio yalishuka. Waliobaki walijifunza kuandika maneno mafupi tu. Ukiwaambia watunge sentensi, mtoto anayejua kusema "beautiful" anaandika "good", kwa sababu "good" halichapwi. Tuliua Kiingereza chao tukidhani tunakirekebisha.

Badala ya sifuri, sahihisha sehemu. Aliyeandika "frend" mpe tiki kwenye herufi tano, umzungushie mahali i ilipotakiwa. Haichukui muda zaidi ya kukata neno zima kwa kalamu nyekundu, na mtoto anajua kesho aangalie wapi.

Najua nitaulizwa: haya ya kokoto utayafanyaje kwenye darasa la watoto tisini? Nimekuwa na madarasa ya namna hiyo. Vidole vinatosha. Mwalimu anatamka, watoto wote wanainua kidole kwa kila sauti, na kwa kutupa jicho mara moja unaona nani kahesabu tatu na nani kahesabu nne. Ubaoni unachora visanduku, mmoja anakuja kujaza, wengine wanajaza kwenye daftari, kisha wa dawati moja wanabadilishana na kusahihishana. Maneno matano kwa wiki, si zaidi, na Ijumaa yarudiwe pamoja na ya wiki zilizopita. Orodha ya maneno mia kwa muhula inayosomwa mara moja na kuachwa haina faida kwa yeyote.

Mzazi naye ana nafasi yake, hata asiyejua Kiingereza. Mtoto aangalie neno, alifunike, aliandike kwa kumbukumbu, alifunue alinganishe. Jirani yangu anakaanga maandazi jioni, Kiingereza hajui, lakini anashika kitabu kwa mkono mmoja na kulinganisha herufi moja baada ya nyingine, na hapitishi kosa. Mwanawe amekuwa hodari kwa sababu mama yake hana haraka.

Na tuangalie kuta zetu. Kutoka kwangu mpaka barabara ya ishirini kuna maduka ya vifaa vya shule yaliyoandikwa "Stationary" kwa a, neno la kitu kilichosimama mahali pamoja, wakati lao ni "Stationery" kwa e. Kuna saluni za nywele zilizoandikwa "Hair Saloon". Mtoto anapita hapo mara mbili kwa siku, anasoma ukutani kwa herufi kubwa za rangi, na ukuta unamfundisha zaidi ya kitabu anachochangia na wenzake wanne. Mafundi wa kuchora mabango wanaweza kumwuliza mwalimu yeyote wa jirani kabla ya kupaka rangi, hatutawatoza.

Wachapishaji wa vitabu vya kiada nao wangetusaidia sana kwa jambo dogo. Orodha za maneno mapya nilizozizoea hupangwa kwa alfabeti, "said" karibu na "salt", basi. Zingepangwa kwa ukoo, na ile sehemu korofi ya neno ikakolezwa wino, mwalimu mgeni wa somo angejua aanzie wapi bila semina.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kona ndogo kwenye ukurasa wa watoto: maneno matano kila wiki, sehemu korofi imezungushiwa duara, na mstari mmoja unaoeleza ilivyotokea. Niko tayari kuyaandaa bila malipo. Wiki ya kwanza ningeanza na "here", "where" na "there", pamoja na "was" na "want". "They" na "their" zisubiri mpaka wiki ya tano au ya sita.

Mwalimu mstaafu,
Ngamiani, Tanga.